Ukuta wa Rüstem

...umesogea kiganja kizima, si vidole viwili kama anavyodai, nusu ya ukuta imeingia kwenye mitufaha yangu na mimi si kipofu, mwaka wa kumi na moja huu nampima jirani yangu Rüstem kwa jicho, na leo kaniletea mtaalamu wa miamba, binti wa watu, Nermin, kaketi barazani pangu anakunywa chai yangu, nani kamlipa?... "Mzee İhsan, hakuna mtu aliyeusogeza," anasema, nami moyoni, ndiyo, umetembea wenyewe, una miguu... Rüstem anacheka, "Mwambie wewe mwanangu, mimi ameshanichoka," cheka tu, hata kwenye msiba wa mke wangu alikuja kunipa mkono nikautia wangu mfukoni, mbele ya watu wote... binti anasema ufa wa matetemeko unapita hapahapa, na huko chini, kilomita nyingi chini, mwamba wa kwetu ni laini, unateleza kama sabuni iliyolowa, kwa hiyo ardhi inatambaa kila mwaka kidogo kidogo, ukuta unapinda, mabomba yanapasuka, lakini nguvu nyingi hazirundikani za kuleta tetemeko kubwa... maneno matamu, nani atateremka huko kuhakikisha? ila barabara nayo imepinda, na reli pia, kwenye mstari uleule, na Rüstem hana ubavu wa kusukuma barabara, wala reli... basi ule mkono, Mungu wangu, nilimnyima bure... "Na huko mashariki je?" anauliza Rüstem, "Mashariki mwamba wa chini ni mgumu," anajibu Nermin, "umeng'ang'ana, hausogei, hata kuta hazipindi, unajibana tu mpaka siku utakapoachia kwa mpigo mmoja," mashariki, Taşyaka ni mashariki, Gülsüm wangu kaolewa Taşyaka, kila sikukuu namtambia Rüstem, nenda kaone ukuta wa binti yangu, umenyooka kama uzi tangu enzi za babu wa mumewe, kule watu wana adabu... unajibana tangu lini? nataka kuuliza, lakini huyu Nermin ananiangalia kisha anaangalia milima, anajua kitu, anakificha... "Gülsüm yuko Taşyaka," anasema Rüstem taratibu, hacheki tena, kakumbuka yeye, jina la mwanangu limetoka kinywani mwake kabla ya mwangu, "Mwulize Nermin, jirani. Au nikuulizie mimi?" na mimi namkodolea macho, natafuta hila usoni mwake kama nilivyozoea, natafuta, natafuta, naona hofu tu, sawa na yangu...