Kijiti cha Springi Mpya

Cletus alizima injini ukingoni mwa mto, akamsikia mkewe akigumia nyuma, ndani ya gari. Agnes alishikwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga wa Likawage alishasema mtoto amelala kingamo, hatoki bila kupasuliwa. Hospitali ilikuwa Kilwa Masoko, na mto umejaa.

Abilahi, anayeishi kivukoni na kuongoza magari, aliingia majini na fimbo yake, akarudi akaisimamisha kwenye mlango wa dereva. Alama ya maji ilikuwa chini kidogo tu ya sakafu. Akasema gari litapita, mradi maji yasiguse bodi, maana yakigusa bodi yanalisomba.

Cletus alijua litapita. Mwezi uliopita alifunga springi mpya, gari likanyanyuka shubiri nzima. Akakata kijiti cha kipimo, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwa kuwa anayepima kutoka ardhini hudanganywa na upepo wa matairi. Kwa kijiti hicho alikitambia kijiwe kizima cha madereva. Sasa akakijaribu kijiti gurudumu la mbele, kikaingia sawasawa.

"Pima na nyuma, baba," alisema mkwewe, Mama Emerensiana, aliyekuwa amempakata Agnes.

Cletus alikereka. Yaani leo afundishwe gari na mkwe! Lakini mkwe habishiwi. Akakipeleka kijiti gurudumu la nyuma, kikagoma kuingia. Kilizidi vidole vinne; nyuma gari lilikuwa limeshuka kiasi hicho.

Ndipo akatambua. Siku ile alipima gari tupu, kisha leo akapakia magunia ya mchanga, kama wafanyavyo madereva wote wa njia ile, eti mkondo usilichukue gari. Mchanga ndio uliokula kimo cha springi. Angeingia mtoni hivyo, maji yangemkuta Agnes alipolala.

Akashusha magunia yote. Akapima. Akashusha na tairi la akiba, akapima tena. Bado kidole kimoja, na Agnes sasa alikuwa ameacha kugumia, jambo lililomtisha Cletus kuliko kelele.

Mama Emerensiana, mwanamke mwenye mwili mkubwa, alikitazama kile kijiti. Akalaza kichwa cha bintiye juu ya kanga iliyokunjwa, akateremka taratibu. Gari likapumua. Mama mkwe akakichukua kijiti, akapima mwenyewe, kikaingia.

"Mama, nani atamshika?" Cletus aliuliza.

"Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi majuto siyataki, nataka mjukuu. Vuka."

Abilahi alitangulia na fimbo. Cletus alifuata kwa gia ya kwanza, maji yakisugua chini ya sakafu, akisali kila sala aliyoijua. Katikati ya mto Agnes alinyoosha mkono bila kufumbua macho. "Mama, nishike."

Cletus alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili akaupeleka nyuma. Agnes aliufinya mpaka vidole vikafa ganzi. Alipapasa kiganja chenye sugu na grisi, akajua si cha mama yake, wala hakukiachia.

Walipopanda ng'ambo, sakafu ilikuwa kavu. Cletus akatazama kwenye kioo. Mkwewe alikuwa bado amesimama kati ya magunia, ameinua kile kijiti juu ili wamwone.