Taja Jina Lako

1. TANGAZO (mlangoni, wodi ya upasuaji)

Kila mgonjwa aliyepasuliwa mshipa wa shingo atakadiriwa hatari ya kiharusi kwa mfumo wa akili mnemba. Mfumo husoma faili la kadi ya bima. Ndugu toeni taarifa sahihi. Zimeni simu.

2. SKRINI, saa nne asubuhi

MMBAGA, ELIAMINI. Miaka 57. Mwalimu. Havuti sigara. Hajawahi kupata kiharusi.
Hatari baada ya upasuaji: asilimia 4.

Kijani.

3. NAKUNDA, kwenye benchi

Usinitazame hivyo, wewe unayesoma. Aliyelala pale si Eliamini. Ni kaka yake, Yonaza, mume wangu. Ana miaka sitini na sita, amevuta sigara tangu ujana, na mwaka jana kiharusi kidogo kilimlegeza mkono wa kulia. Hatukwenda hospitali, tulimkanda kwa maji ya moto. Daktari tulimwambia alianguka kwenye ngazi.

Kadi ni ya shemeji. Wanafanana mpaka masikio. Daktari aliitazama picha, akamtazama yeye, akasema, "Mwalimu, chaki imekuzeesha."

Tukacheka wote. Mungu wangu, tulicheka!

4. UJUMBE WA SIMU, unamfikia Eliamini halisi akiwa darasani, Same

NDUGU ELIAMINI MMBAGA, UPASUAJI WA SHINGO YAKO UMEKWENDA VIZURI. POLE NA HONGERA.

Alijishika shingo mbele ya Kidato cha Pili.

5. TULIYOMFUNDISHA YONAZA KWA WIKI MBILI

– Jina: Eliamini.
– Kazi: mwalimu wa jiografia.
– Ukiwa na maumivu: Eliamini.
– Ukizinduka kutoka kwenye nusukaputi: ...

6. SAA SITA

"Mwalimu, fumbua macho. Mimi Sista Tumpe. Taja jina lako."

"Yonaza."

"Jina lako wewe, baba."

"Yonaza Mmbaga."

Sista akaitazama kadi. Akabonyeza kengele.

7. SKRINI

Mgonjwa hajui jina lake. Dalili ya kiharusi.
Asilimia 71.

Nyekundu.

8. KORIDONI

"Arudi chumba cha upasuaji. Tunaifungua shingo upya."

"Kuna mwingine ndo anaingizwa, dokta."

"Mtoeni!"

9. NAKUNDA

Niliyasikia yote kutoka kwenye benchi. Wanataka kumchana mara ya pili kwa sababu amesema kweli! Nikinyamaza, anachanwa bure. Nikisema, shemeji anafukuzwa kazi, mimi napelekwa polisi, na watoto wangu wata...

Nikasema.

"Dokta, amejibu sawa. Hilo ndilo jina lake. Kadi si yake."

Nikaeleza yote: umri, sigara, mkono. Hakunikaripia. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

10. SKRINI, baada ya Sista kuandika upya

MMBAGA, YONAZA. Miaka 66. Anavuta sigara. Amewahi kupata kiharusi.
Asilimia 38.
Mpimeni tena kabla ya kuamua.

Manjano.

11. BADO NI MIMI, NAKUNDA

Daktari aliinama. "Mzee wangu, hakuna wa kukukamata. Mama ameshatueleza. Taja jina lako."

Mume wangu alinitazama mimi, siyo daktari.

"Eliamini," akasema. "Mwalimu. Jiografia."

Mkono wake wa kulia haumwambii daktari kitu, ulilegea tangu mwaka jana. Wauguzi wawili wameshashika kitanda. Daktari akanigeukia.

"Mama, wewe ndiye unayemjua. Anadanganya, au anaumwa?"

Mimi!

Nikamshika mashavu kwa mikono miwili. Yalikuwa ya moto, na ndevu zake zilinichoma. "Baba Nanzia, nimeshasema ukweli. Imekwisha. Niangalie. Mimi ni nani kwako?"

Alifikiri. Naapa alifikiri, nilimwona.

"Shemeji," akasema.

Daktari bado ananitazama.