Chatu Hasomi Chale

Chatu yule aliingia nyumbani kwa Luhende, mtaa wa Igoma, akiwa mwembamba kama mkanda wa suruali. Luhende alitoka naye kwao Magu ndani ya kibuyu, akamwonyesha mkewe kwa furaha ya mtu aliyejaliwa mtoto. Paskazia alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Miaka minne baadaye chatu alikuwa mnene kama paja la mtu mzima, na urefu wake ulipita kitanda mara mbili. Bado alilala chumba kimoja na familia, ndani ya sanduku la mbao, hatua tatu tu kutoka kwenye mkeka wa binti yao Selina.

Luhende alikuwa mcheza ngoma. Wenzake walipiga, yeye akamvaa chatu shingoni, watu wakakimbia huku wanacheka, halafu wakarudi kuangalia tena. Harusini, kwenye sherehe za mavuno, kote kikundi chao kiliitwa kwa ajili ya chatu huyo. Walimpa jina la Ngosha, yaani mwanaume kwa Kisukuma.

Sasa, katika ukoo wa Luhende kila mtu huchanjwa chale za nyoka, kinga dhidi ya kuumwa. Paskazia alichanjwa alipoolewa. Selina alipotimiza mwaka, Yakobo, mjomba wa Luhende, alimchanja kwa wembe kwenye mikono na vifundo vya miguu, akampaka dawa nyeusi. Tangu siku hiyo Luhende akaona kazi imekwisha. Alimketisha mtoto juu ya chatu akampiga picha kwa simu, akawatumia ndugu.

"Baba Selina, mtoe huyu mnyama ndani," Paskazia alimwambia mara nyingi. "Mpeleke huko kwenye kikundi. Mtoto ana miaka mitatu."

"Unamwonea wivu nyoka?"

"Namwogopa. Usiku nasikia anavyojisugua kwenye mbao."

"Huyu ni mwanangu wa pili, Mama Selina. Anatujua."

"Basi kambatize. Ila usimlaze chumba kimoja na chakula chake."

Luhende akacheka mpaka akakohoa. Akamshika mkono mtoto, akamwonyesha mkewe zile alama. "Unaziona hizi? Hizi ndiyo ulinzi wake."

Paskazia aliishia darasa la saba na hakuwa na maneno ya kubishana na chale za mjomba Yakobo. Alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakomuuma mpaka leo.

Wiki ile kulikuwa na harusi ya Jumamosi. Nyoka aliyeshiba hachezeki, atatapika mbele ya wageni, kwa hiyo kabla ya ngoma Luhende humnyima kuku. Safari hii harusi mbili zilikuwa zimefuatana, na Ngosha alikuwa hajala kwa zaidi ya mwezi. Alhamisi asubuhi Luhende alimwogesha kwenye beseni ili ngozi ing'ae, akamrudisha sandukuni. Komeo lilikuwa limelegea tangu Jumatatu. Akalifunga sanduku kwa mpira wa baiskeli, akatoka kwenda barabarani kumsubiri fundi wa ngoma.

Asubuhi hiyo hiyo jirani yao Mastura alikuwa na wageni. Paskazia alikwenda kumsaidia kunyonyoa kuku wawili, amejifunga kitenge chake cha kila siku. Aliporudi Selina alikuwa anasinzia mlangoni. Akamlaza mkekani, akafungua kitenge kile kile kiunoni, akamfunika. Kilikuwa na harufu ya manyoya na damu ya kuku, lakini mama gani ananusa kitenge mtoto akiwa anasinzia? Akatoka uani kuanika nguo.

Alikuwa ameanika shuka la pili aliposikia sauti ndani. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama kwikwi, mara moja, kisha kimya. Paskazia alijua kabla hajafika mlangoni.

Mpira ulikuwa umekatika. Ngosha alikuwa mkekani, kinywa chake kimeng'ang'ania kitenge na bega la mtoto, na mwili wake umemzunguka Selina kiunoni na kifuani mara mbili. Macho ya mtoto yalikuwa wazi, yanamtazama mama yake. Kila alipotoa pumzi, chatu alibana kidogo zaidi.

Paskazia alimrukia chatu. Akaushika mwili ule wa baridi katikati, akavuta kwa nguvu zote, na chatu akazidi kukaza. Hapo akapiga mayowe, yale ambayo mtu hupiga bila kuchagua neno.

Luhende alifika mbio. Akapiga magoti, akaanza kumpapasa chatu kichwani taratibu huku anamwimbia kwa Kisukuma maneno ya ngomani. "Mwache, usimshtue," alisema. "Ataachia. Mtoto ana chale."

Chatu hakuachia. Midomo ya Selina ilianza kubadilika rangi.

"Baba Selina, hapa si ngomani," ilisema sauti ya Mastura mlangoni. Alisikia mayowe, akajua ni chatu, akaja na chupa ya siki mkononi. Alikulia shambani Sengerema, na alishamwona baba yake akimnasua mbuzi kwa chatu namna hiyo. "Chale zenu ni za sumu. Huyu ana sumu gani? Huyu anabana. Shika mkia."

"Lakini..."

"Shika mkia, mwanaume. Fungua kuanzia nyuma. Mama Selina, mshike mtoto kichwa."

Mastura akammiminia chatu siki kinywani. Luhende akautafuta mkia chini ya mgongo wa mtoto, akaanza kuuzungusha kinyumenyume. Mzunguko wa kwanza ukatoka. Siki nyingine. Kinywa kikafunguka. Wa pili ulipotoka Selina akavuta pumzi kwa sauti ya kukwaruza, akalia, na Paskazia hajawahi kusikia kitu kizuri kama kilio kile.

Walimfungia Ngosha sandukuni kwa kamba, wakakimbilia hospitali; huko zilikutwa mbavu mbili zimevunjika na matundu ya meno begani. Daktari alisema zingepita dakika chache tu, wangekuwa wanaongea habari nyingine.

Jioni Luhende alikaa kwenye benchi la wodini, simu inaita mfululizo. Ni kiongozi wa kikundi, Nestory, aliyetaka kujua kama Jumamosi chatu yupo.

"Mpe jibu," Paskazia alisema.

"Kikundi bila Ngosha hakiitwi popote."

"Nimesikia. Mimi nimeshachanjwa, nimeshanyamaza, na leo nimemfunika mwanangu kitenge cha kuku kwa mikono yangu. Sinyamazi tena. Chatu akibaki, mimi na Selina haturudi Igoma."

Luhende alimtazama mtoto, kifua chake kimefungwa bandeji, kinapanda na kushuka kwa shida. Akamwambia Nestory harusi watafute kikundi kingine. Kisha akapigia ofisi ya Maliasili inayosimamia wanyamapori, akasema anafuga chatu mkubwa nyumbani na hana kibali, waje wamchukue hata kama watamchukua na yeye.

Kesho yake asubuhi maofisa wanne walifika nyumbani, wakamtia Ngosha kwenye gunia. Luhende alibeba upande wa mkia mpaka kwenye gari, halafu akapanda nyuma pamoja nao kwenda kuandikisha maelezo. Paskazia alibaki wodini, mkono wake juu ya kifua cha Selina, anahesabu pumzi.