Viwiko vya Mzee Mwinshehe

Bakuli la Mwanamvua lilirudi limejaa.

Jamani, mnaelewa maana yake hiyo? Ni Ramadhani, Mlandizi, mwaka sabini na saba. Wanaume wa nyumba za jirani wanafuturu pamoja barazani kwa Maneno. Kila mke anatoa chakula chake, kinawekwa kwenye mkeka mmoja, na kila mtu anachota anapotaka. Hapo hakuna siri! Mwanamke akipika vizuri kijiji kinajua, akipika ovyo kinajua kabla ya tarawehe. Na bibi yangu Mwanamvua, mtu aliyesifiwa kwa mkono wake wa mapishi, siku hiyo alitoa muhogo wa chukuchuku. Muhogo, chumvi, kitunguu, ndimu, basi. Nazi hakuna hata tone.

Alisimama nyuma ya ua wa makuti akasikia yote.

"Eh! Hiki cha nani?" Huyo Maneno mwenyewe, mwenye baraza.

"Cha kwa balozi."

"Balozi, umemkosea nini mkeo? Muhogo huu umepikwa na mtu aliyenuna!"

"Labda minazi ya balozi imegoma," akadakia mwingine.

Wakacheka. Babu yangu Mbaraka, balozi wa nyumba kumi, akacheka nao. Halafu, bibi anamwona hivi kwa tundu la ua, akalisukuma bakuli la mkewe pembeni kwa kiganja, akavuta la mke wa Maneno, lenye tui zito mpaka linang'aa. Akala. Akalamba na vidole.

Bibi anasema hakuumia kwa kuchekwa. Aliumia kwa sababu yeye peke yake kwenye kijiji kizima ndiye aliyejua kwamba mumewe anajiua pale, tonge kwa tonge, huku watu wanacheka.

Mambo yalianza kwa jembe. Mbaraka alijikata mguu kwenye shamba la kijiji, wakampeleka hospitali ya Tumbi. Nesi mmoja, Laurensia, anamfunga kidonda, daktari akapita, na mguu hata hakuutazama. Akatazama viwiko.

Sasa viwiko vya babu vilikuwa na vinundu. Vigumu, vya manjano, kama punje za mahindi zimefukiwa chini ya ngozi. Na watu wa ukoo wake, kule Kisarawe, walikuwa wanavionea fahari hivyo vinundu! Baba yake, Mzee Mwinshehe, alikuwa navyo. Watu wakasema ni kwa kuegemea viwiko usiku kucha akisoma Kurani, Mungu kamtia alama. Mtoto wake mkubwa Kitwana akavitoa pia. Halafu Mbaraka. Mtoto wa ukoo akitokwa na vinundu, watu walimshika mkono wakambusu kiwiko, wakasema baraka ya mzee imeshuka.

Daktari akatoa damu, ikapelekwa Dar. Majibu yaliporudi akawaita wote wawili, mume na mke.

"Mzee, hivi si alama ya Mungu. Ni mafuta. Damu yako imejaa mafuta mpaka yanatafuta pa kutokea. Yakiziba mshipa wa moyo unaanguka."

Mbaraka akacheka kidogo. "Mafuta? Mimi nalima, daktari."

"Ni ya kuzaliwa nayo. Baba yako alikufaje?"

"Alianguka shambani."

"Ndugu zako?"

"Kaka yangu Kitwana. Alikuwa anakula, akashika kifua..." Bibi anasema alimwona uso umembadilika kama mtu aliyemwagiwa maji.

Maana Kitwana alikuwa anakula wapi siku hiyo? Kwa Biubwa! Mama mdogo wao, mke mwenzie mama yao. Alianguka juu ya sahani ya Biubwa, tonge lipo mkononi. Na mama yao, Zena, alisimama katikati ya uwanja akapiga kelele kwamba Biubwa ni mchawi, kamlia mwanawe. Tangu siku ile hakuna mtu Kisarawe aliyekula kitu kilichotoka mkononi mwa Biubwa. Harusini anakaa peke yake. Akiteka maji, anayemfuata kisimani anasuuza kamba kwanza.

Daktari akaeleza masharti. Nazi aache, samli aache, nyama ya mafuta aache. Ale samaki, maharage, mboga. Na akampa dawa, unga fulani kwenye vipakiti, unakorogwa na maji asubuhi kabla ya kula, unakwaruza koo kama mchanga. Akawaambia ukweli: dawa hii haiponyi, inapunguza tu, na hupatikana kwa shida.

Wakatoka nje. Mbaraka akamshika mkewe mkono pale pale chini ya ukuta wa hospitali.

"Mama Adamu, apia hutamwambia mtu."

"Kwa nini? Ugonjwa si wizi."

"Mama yangu alimwita mama mdogo mchawi mbele ya watu. Leo nikasema Kitwana kafa kwa mafuta, mama ataweka wapi uso wake?"

"Na wewe ukifa, mimi nitaweka wapi wangu?"

"Apia."

Akaapa. Alimpenda, mnajua tena.

Kwa hiyo nyumbani Mbaraka anakula chukuchuku, anakunywa unga wake, anakonda. Akitoka nje anaona haya kuonekana mtu mwenye masharti, anakula vya wenzake. Ramadhani nzima hivyo hivyo. Mkewe akimsema usiku wakiwa wawili anajibu, "Mara moja moja haiui, mama Adamu." Mara moja moja gani, kila magharibi!

Idd ikapita. Wiki ile ile, bila taarifa, Mama Zena akashuka kutoka Kisarawe na kapu lake la nazi kichwani. Hata hajakaa.

"Shikamoo mama," Mwanamvua akampokea kapu.

"Marahaba. Mwanangu yuko... Mbaraka! Shingo yako iko wapi?"

"Kazi nyingi, mama."

"Kazi gani inayokula shingo? Balozi mzima kama mwiko!"

Mchana akaletewa perege wa kuchoma na maharage. Akaonja, akaweka mkono chini. Asubuhi yake, giza halijatoka vizuri, alimkuta mkwewe jikoni anatoa kipakiti chini ya pipa la unga, anamimina kwenye kikombe, anakoroga.

"Nini hicho?"

Mwanamvua akashtuka, kijiko kikaanguka. "Dawa, mama."

"Ya nani?"

"Ya baba Adamu. Ya... ya tumbo."

"Mbaraka! Njoo hapa. Unaumwa tumbo wewe?"

Mbaraka akaja, akasimama mlangoni na shuka lake. Akamtazama mama yake. Akamtazama mkewe. Halafu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nimekuuliza, unaumwa tumbo?"

Akalivuta shuka lake mabegani.

"Haya! Mume anakonda, chakula anapewa kama cha mfungwa, unga unafichwa chini ya pipa, na mwenyewe hajui anachonyweshwa. Limbwata! Umemlisha mwanangu limbwata, sasa hata mdomo hafungui! Mmoja kaliwa kwa sahani, huyu aliwe kwa kikombe? Siwezi tena mimi. Siwezi!"

Akakusanya vipakiti vyote alivyovikuta, akavitupa shimoni chooni. Majirani wameshajaa uani. Na Mwanamvua amesimama, anasubiri sentensi moja tu kutoka kwa mumewe. Moja! "Mama, ni dawa yangu ya Tumbi." Ingemgharimu nini?

Haikutoka. Babu alifunga nguo zake kwenye kitambaa, akaondoka na mama yake kwenda Kisarawe. Alipopita karibu na mkewe akanong'ona, "Nitarudi, vumilia." Bibi anasema hapo ndipo alipomchukia kwa mara ya kwanza maishani.

Akabaki. Wanawake kisimani wanamwachia nafasi pana, kila ndoo inasogezwa kidogo. Mke wa Maneno, waliyekuwa wakisukana, akatuma mtoto kusema kichwa kinamuuma. Hapo Mwanamvua akaanza kuelewa Biubwa ameishije miaka yote hiyo.

Aliyekuja ni nesi Laurensia, siku ya kupima watoto uzito kijijini.

"Mumeo hajaja kuchukua dawa, mama Adamu."

Mwanamvua akamwambia yote, kasoro machozi, hayo yalikuja yenyewe. "Vipakiti vimebaki hivi tu, nilivificha kwenye mbegu za mtama."

"Na huko anakula nini?"

"Kwa mama yake? Kila kitu."

Laurensia akafunga mizani yake taratibu. "Kile kiapo, ulimwapia aishi au afe?"

Kesho yake Mwanamvua akambeba mwanawe Adamu, ambaye ndiye baba yangu mimi, alikuwa bado hajaanza shule. Akapanda basi mpaka Dar, akabadilisha gari, akapanda vilima vya Kisarawe na vipakiti vimefungwa kwenye pindo la khanga.

Aliwakuta uwanjani. Mama Zena yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, chano kimejaa kama pamba. Mbaraka mkekani, sahani ya wali na mchuzi wa nyama mbele yake. Uso umejaa tena, lakini anapumua kwa mdomo kama mtu aliyepanda mlima. Na ng'ambo ya uwanja, mlangoni kwake, bibi kizee amekaa anachambua mchicha, mgongo kawapa. Biubwa.

"Umefuata nini?" Zena akasema bila kuacha kukuna.

"Shikamoo mama. Nimemfuata mume wangu."

"Mume humu hamna. Mjukuu wangu tu njoo. Njoo, Adamu!" Mtoto akakimbia, bibi yake akamshika, akamkunja mkono. Akapiga kigelegele! "Mbaraka, tazama! Imeanza kutoka! Baraka ya mzee, mashallah!" Akakibusu kiwiko.

Mwanamvua akasogea. Akatazama. Alikuwa anamwogesha mtoto kila siku na hajawahi kuona. Kinundu kimoja, kidogo kama chembe ya ulezi. Cha manjano.

Bibi anasema alikaa chini pale pale kwenye machicha ya nazi.

"Mama," akasema. "Usikibusu. Hicho ndicho kilichomuua Kitwana."

Kukuna kukakoma.

"Unasema?"

"Ni mafuta kwenye damu. Wanazaliwa nayo. Mzee Mwinshehe alikuwa nayo, Kitwana alikuwa nayo, huyu hapa anayo. Na mtoto wangu sasa. Daktari wa Tumbi alituambia wote wawili, mwanao akaniapisha nisiseme. Ule unga ndio dawa yake. Chukuchuku ndiyo dawa yake. Hakuna aliyemlisha Kitwana kitu, mama. Hakuna."

Ng'ambo kule, mikono ya Biubwa ilisimama kwenye mchicha.

Zena akageuka kwa mwanawe. Sauti imekuwa ndogo kabisa. "Mbaraka. Mwambie anaongopa."

Alikuwa anamwomba, jamani. Si kumuuliza.

Mbaraka akamtazama mama yake, na uso ule ule wa kutazama vidole ukamjia. Bibi akajua: atanyamaza tena. Atanyamaza mpaka afe. Lakini Adamu, mtoto asiyejua kitu, alikuwa amejinasua, kaja kukaa kwenye mkeka, na kile kiwiko chake kakiegemeza gotini kwa baba yake.

"Nipe kikombe," babu akasema.

Hakuna aliyemletea. Akainuka mwenyewe, akachota maji mtungini. Akamfungulia mkewe pindo la khanga, akatoa kipakiti, akakoroga kwa kidole, akanywa mbele ya mama yake mpaka chini. Akakohoa. "Haongopi, mama. Mimi ndiye niliyeongopa."

Zena bado ana kifuu mkononi. Alikaa nacho, hakukuna, hakukiweka.

Ndipo Biubwa akasema, bila kugeuka, "Kitwana alipokufa nilikuwa na meno yote, mwenzangu." Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Jioni ile Zena alipika kunde, za chukuchuku, mara ya kwanza maishani mwake. Akapakua sahani, akaivusha uwanja yeye mwenyewe, akaiweka kizingitini kwa Biubwa. Asubuhi sahani ilikuwa imerudi. Imeoshwa, safi, na haina kitu. Mnajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata chumvi utaweka. Zena akaipeleka tena, na tena. Inaliwa, inaoshwa, inarudi tupu.

Babu alirudi Mlandizi na familia yake. Unga ulipatikana, ukakosekana, ukapatikana. Laurensia akitikisa kichwa tokea mbali wanajua leo hakuna. Kifua kilimbana mara mbili shambani. Nesi alisema Adamu bado ni mdogo mno kwa ule unga, lakini chakula kianze sasa, kisingojee.

Ramadhani iliyofuata, Mwanamvua alitoa tena muhogo wa chukuchuku, akasimama tena nyuma ya ua.

"Balozi, bado mkeo kanuna tu?" Maneno huyo.

"Hajanuna. Mimi naumwa," babu akasema. "Bakuli hili ni langu. Anayetaka aonje. Ya kwenu msinisogezee."

Hakuna aliyecheka. Maneno akajikohoza, akasema muhogo wenyewe hata hivyo si mbaya, ungekuwa na pilipili tu.

Adamu alikuwa mkekani na wanaume siku hiyo kwa mara ya kwanza. Akanyoosha mkono kwenye bakuli la mke wa Maneno, lile lenye tui linalong'aa. Baba yake akaudaka mkono hewani, akaushika kiwikoni, kwenye kinundu, akaushikilia hivyo kwa muda. Kisha akaushusha kwenye bakuli lao.

Mtoto akalia. Akala huku analia.