Namba za Kwenye Kioo Cheusi

Shangazi yake alimwita Chiriku kwa sababu hasemi. Wateja walipoingia kibandani walimtania: "Chiriku, punguza kelele jamani, masikio yanatuuma!" Naye angeinamisha uso akaivuta laptopu karibu, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango.

Laptopu yenyewe walipewa na mjomba, imetumika mpaka herufi nyingine zimefutika. Shangazi alikuwa fundi wa nguo za kike, mtu wa mkasi hasa, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Namba za kwenye daftari la vipimo zilimchezea; tatu akaiona nane. Ndipo Chiriku alipojitolea kuziingiza zote kwenye mashine. Ilimchukua miezi miwili, akibonyeza kwa kidole kimoja. Tangu hapo kazi ikawa hivi: yeye anasoma, shangazi anakata, akihesabu kwa vidole mafundo ya uzi aliyoyashonea kwenye tepu yake. Mteja wao hupimwa mara moja tu. Baada ya hapo hutuma kitambaa na jina. Akinenepa, aseme mwenyewe.

"Hilo daftari limechakaa, shangazi. Humu ndani namba hazichakai," Chiriku alisema siku alipomaliza. Ilikuwa kauli ndefu kuliko zote alizosema mwaka ule, na ndiyo aliyokuja kuijutia kuliko zote.

Haukupita muda, tundu la chaji likalegea. Waya ukiingizwa, taa inawaka, inazima, inawaka, kama inayokonyeza. Chiriku hakumwambia mtu. Alijaribu kuinamisha mashine, akaona chaji inaingia. Akaweka tofali chini ya upande mmoja. Baada ya siku chache tofali halikutosha, akafunga waya kwa mpira wa kubania nywele. Mpira nao ukachoka. Mwishowe akagundua kwamba karatasi ikikunjwa vizuri na kushindiliwa pembeni ya waya, taa inatulia. Na karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ya daftari. Vipimo si vilikuwa vimeshaingia kwenye mashine? Akachana ukurasa mmoja. Wiki iliyofuata, wa pili. Kadiri tundu lilivyopanuka, ndivyo karatasi ilivyotakiwa kuwa nene.

Tabu nyingine ilikuwa cherehani. Shangazi akikanyaga, meza inatetemeka, na waya unaponyoka. Kwa hiyo Chiriku alichaji wakati shangazi anakula.

"Mbona siku hizi unaniambia nile polepole?" shangazi aliuliza.

"Kwa afya, shangazi."

"Haya, daktari."

Siku moja alijikaza akaipeleka kwa fundi wa simu ng'ambo ya barabara. Fundi alichomoa ile karatasi kwa koleo, akaiinua juu watu waione.

"Jamani, njooni! Huyu mgonjwa anatibiwa kwa vitabu!"

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Chiriku akatamani ardhi ipasuke immeze. Fundi alipoona uso wake, akashusha sauti.

"Nisikilize, dada. Kabla ya kutengeneza chochote, tafuta flashi uhamishe vitu vyako leo leo, ingali inapumua. Hizi laptopu ndogo, kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi. Bodi ikiungua, hakuna cha kutoa."

"Nitakuja kesho," alisema.

Kweli alikusudia kwenda. Lakini kila alipotazama ng'ambo aliliona lile benchi limejaa watu. Na tuseme ukweli, alikuwa pia na kijivuno chake: ujanja wa karatasi aliubuni mwenyewe, na taa ilikuwa inawaka. Kesho ile ikawa wiki tatu.

Jumatatu asubuhi aliposhindilia karatasi, cheche iliruka, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua. Kioo kikawa cheusi. Alipoipeleka ng'ambo, fundi hakucheka. Aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa.

"Pole, dada. Hii imekwenda."

Alirudi akalitafuta daftari. Lilibaki jalada na kurasa chache za mwanzo, vipimo vya watoto ambao sasa wana watoto wao. Nyingine zote zilishakunjwa, zikachoka, zikatupwa na takataka.

Nitamwambia akimaliza chai, aliwaza. Chai ikaisha. Nitamwambia akimaliza hii sketi. Sketi nayo ikaisha. Siku mbili zikapita hivyo, mashine iko mezani imefunguliwa kama kawaida.

Jumatano kikaja kitambaa cha mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Alikuwa anastaafu Jumamosi, na gauni alilitaka la kuagia shule. Kilikuwa kipande cha mwisho dukani, mfuko umeandikwa jina tu.

"Huyu mtu wetu wa siku nyingi," shangazi alisema, akikipapasa kitambaa kwa raha. "Tazama kinavyoteleza! Haya Chiriku, nisomee."

Chiriku akakaa mbele ya kioo cheusi. Ndani yake aliuona uso wake mwenyewe.

"Kifua… arubaini na mbili."

Hiyo aliikumbuka. Karibu aikumbuke.

"Kiuno?"

"Thelathini na nne."

Hiyo hakuikumbuka hata kidogo. Alikuwa amemwona mwalimu akipita barabarani, akakadiria. Alisikia mkasi ukiuma kitambaa, krrr, krrr, na kila mlio ulimwambia bado hujachelewa, sema. Yeye akabuni na nyonga.

Ijumaa mwalimu alikuja kujaribu. Gauni liligoma kiunoni, na kwenye mshono hakukuwa na kitambaa cha ziada cha kuachia. Mwalimu alikuwa mtu mstaarabu. Alijitazama kwenye kioo cha ukutani, akasema atavaa tu lile la zamani, wala shangazi asijisumbue.

"Nisamehe, mwalimu," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kosa ni langu. Ni haya macho. Sasa hata mkono umenikimbia."

Chiriku akainama kuokota pini sakafuni.

Mwalimu alipoondoka, shangazi alitandaza lile gauni mapajani, akapitisha vidole kwenye kila mshono, akitafuta mahali alipokosea. Hakupaona. Akakunja tepu.

"Wateja waambie sikati tena. Nitapiga pindo, nitabadilisha zipu. Kukata basi."

"Shangazi, si macho yako."

"Usinifariji, mwanangu."

"Mashine ilikufa Jumatatu. Nilikuwa nasoma hewa."

Shangazi akageuza uso, akaelekea mahali sauti ilipotoka. Chiriku akamweleza yote, tofali, mpira, karatasi, daftari, mpaka benchi la watu waliomcheka. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu anakaa hapo nyuma ya shule," alisema hatimaye. "Ungeniambia, ningekwenda kumpima upya. Ni dakika tano."

Basi. Hakugomba, na Chiriku alitamani angegomba.

Jumatatu shangazi alirudi kwenye meza ya kukatia. Wateja waliitwa wapimwe upya, na wa kwanza kufika alikuwa mama muuza maziwa. Chiriku alikuwa amenunua daftari jipya, amelipiga mistari, kalamu iko mkononi. Shangazi alizungusha tepu, akahesabu mafundo, akahesabu tena, kisha akanong'ona namba, midomo ikicheza, kama mtu anayekariri sala.

"Niandike, shangazi?" Chiriku aliuliza.

"Acha tu," shangazi alisema, bila kugeuka. "Hii nitaikumbuka."