Gurudumu la Dripu

Saa ya kuona wagonjwa, Shangazi aliingia wodini na nusu ya saluni yake. Wasusi wawili, jirani na wifi yake, mama wa mtoto, wakakizunguka kitanda cha dirishani. Binti wa miaka tisa alikuwa hoi. Kifafa kilikuwa kimembana tangu asubuhi.

Sista alitundika dawa, akabandika waya za mashine ya moyo kifuani pa mtoto, akapunguza matone kwa gurudumu dogo la mpira wa dripu.

"Dawa hii inaingia taratibu," alisema. "Ikikimbia, presha inaanguka na moyo unalegea. Gurudumu hili mtu asiliguse."

"Kwa mwendo huo si tutaota mvi hapa, sista?" Shangazi akauliza.

"Oteni. Wasusi mnao."

Walicheka. Kisha mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kutapika, sista akakimbilia nyuma ya pazia. "Akibadilika, niiteni."

Vidole vya mtoto vikaanza kuchezacheza.

"Wifi, kinarudi," mama akanong'ona.

Shangazi akatazama matone. Moja likaanguka, jingine likaning'inia kama linaombwa. Nani aliyeuguza ndugu asiyewahi kulizungusha gurudumu lile? Yeye alimzungushia marehemu mama yake, maji yakaisha mapema, wakarudi nyumbani. Kidole gumba kikapita. Matone yakawa uzi.

Vidole vikatulia. Kabla Shangazi hajashusha pumzi, mashine ikalia na midomo ya mtoto ikapauka. Haraka akalirudisha gurudumu pale pale lilipokuwa.

Sista alirudi mbio, akafunga dripu, akamwita daktari.

"Matone yalikuwa sawa," alimwambia, kidole kikitafuta mapigo. "Labda dawa imemkataa."

"Basi tuiache," daktari akasema.

"Na kifafa kikirudi?" mama akauliza.

Jirani alihesabu mbao za dari. Msusi mmoja alichunguza kucha. Shangazi alijua akifungua mdomo, mtaa mzima utakuwa na habari hiyo kabla ya jioni. Lakini mtoto alikuwa mweupe kama shuka.

"Ni mimi. Nililifungua lote. Mashine ilipolia nikalirudisha."

"Kwa muda gani?" daktari akauliza.

"Kama wa kufunga kilemba."

Daktari akaacha kuandika. "Kumbe ni mwendo, siyo dawa."

Wakamwekea dripu ya maji, wakasubiri. Mlio wa mashine ukapungua, ukakaa sawa, na midomo ikarudisha rangi. Ndipo dawa ikafunguliwa tena, polepole kuliko mwanzo.

Wageni wote wakatolewa. Shangazi akaomba abaki.

"Na mikono hiyo?" sista akauliza.

Akaikalia. Wifi hakumtazama; aliyakazia macho matone. Tone likaanguka, wakalisubiri jingine.

"Wifi," Shangazi akasema, "pua inaniwasha."

Wifi akanyoosha mkono, macho kwenye dripu, akamkuna kwa kucha zote.