Joto la Mama Mkwe Upande wa Kushoto

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Kama naongopa, kweleakwelea washuke kwenye uwele wangu mwaka huu, wasiniachie hata punje ya mbegu. Mimi ni mstaafu wa reli, sina tena mkubwa wa kumwogopa, basi nidanganye ili iweje?

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa, enzi za soko huria, wakati mitumba ilipokwisha kutoka kwenye mashati ikahamia kwenye magari. Silvano, muuza karanga pale Majengo, alipata msimu mzuri akanunua gari dogo jeupe, lililochoka huko Japani likaja kupumzika kwetu. Vitufe vyake vyote viliandikwa Kijapani. Ukibonyeza kimoja, kioo kinashuka. Ukibonyeza kingine, kiti kinakulaza chali kama mgonjwa. Tulijifunza gari lile kwa kupapasa, kama kipofu anavyojifunza nyumba ya jirani.

Lakini kiyoyozi chake! Wakati wa kiangazi, Dodoma inapokaanga watu, sisi tulikuwa tunafunga vioo tunatetemeka kwa raha.

Safari yake kubwa ya kwanza ilikuwa kumrudisha kwao Mlali mama mkwe wake Silvano, Bi Cecilia, aliyekuwa amekuja na basi kumtazama binti yake Rose. Dereva nilikuwa mimi. Msishangae. Kwa heshima za kwetu mkwe wa kiume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, wala hamsemeshi ana kwa ana, na Bi Cecilia miguu yake haikubali kukunjwa kiti cha nyuma. Kwa hiyo mwenye gari akakaa nyuma amejikunja kama konokono, kofia usoni, na mimi mzee wa watu nikashika usukani.

Kabla hatujaondoka, Bi Cecilia alitoa kwenye kikapu zawadi yake kwa gari: kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, chenye maua na pindo refu. Akakitandika mwenyewe juu ya dashibodi, pindo likaning'inia upande wake, na njia nzima akawa anakinyoosha na kukipapasa. Tulipofika Mlali alishuka jasho linamtiririka, akaingia ndani moja kwa moja.

Tangu siku ile gari likagawanyika. Kulia kwa dereva, baridi ya mochwari. Kushoto kwa abiria, tanuri la matofali. Nilifanya jaribio mwenyewe: niliweka yai kiti cha kushoto na jingine cha kulia. La kulia liliganda likawa jiwe. La kushoto lilianguliwa, kifaranga akatoa kichwa, akatazama kulia, akaona baridi ile, akarudi ndani ya ganda lake. Anayebisha amuulize kifaranga.

Silvano hakucheka. Rose alikuwa na mimba ya kwanza, karibu kujifungua, na desturi yetu ni mama mzazi aje kumpokea mjukuu na kumkanda binti yake.

"Mzee Yoramu," aliniambia, "nimemchemsha mkwe wangu. Ulimwona alivyoshuka? Jumamosi natakiwa nikamlete. Akikataa kupanda gari langu, Rose atajifungua mikononi mwa nani?"

"Si umuulize kama aliungua?"

"Nimuulize mimi? Mkwe wangu? Nimuulize habari za jasho?"

Nikaona kweli, hilo haliulizwi.

Tukalipeleka kwa Fabian, fundi wa gereji ya nyuma ya soko la nafaka. Fabian ana mikono mizuri na mdomo mbaya. Akafunga geji zake, akasema gesi imepungua, akajaza. Kulia kukazidi kuganda, kushoto kukabaki kunachemka. Akafungua boneti, akashika bomba la kiyoyozi: linatoka jasho baridi kama inavyotakiwa.

"Kompresa nzima, gesi nzima, feni nzima," akasema. "Hili gari lina majini."

Mimi nimejifundisha ufundi mwenyewe, kwa kufungua majokofu ya watu na mengine kuyarudishia. Nikainama chini ya dashibodi nikategesha sikio, nikamwambia Silvano azungushe kile kitufe cha joto kilicho karibu na usukani. Upande wa kulia nikasikia kijimota kinakwaruza, krr, krr. Upande wa kushoto, kimya.

"Jini lako nimelipata, Fabian," nikasema. "Humu ndani kuna vijimlango viwili vinavyochanganya hewa ya moto na ya baridi, kimoja kulia, kimoja kushoto. Cha kushoto mota yake imekufa, mlango umekwama kwenye moto."

Na jamani, kuhusu vijimlango nilikuwa sahihi! Andikeni hilo mahali.

Fabian akataka kuifuata mota kwa juu, akanyoosha mkono kwenye kile kitambaa. Silvano akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Hapo usiguse! Kimefumwa na mama mkwe. Mkono wa grisi usikifikie."

"Sasa nifungue dashibodi kwa maombi?"

"Pita chini."

Fabian akapita chini, akatoka na vumbi la Japani puani, bila mota. Akanigeukia. "Haya, babu wa majokofu. Tibu wewe."

"Nitalitibu kabla halijaenda Mlali."

"Kwa mizizi gani?"

Watu wa gereji wakacheka, nami damu ikapanda. "Nisipolitibu, beberu wangu yule mwekundu ni wenu, nitamchinja hapahapa kwa mkono wangu. Nikilitibu, kuanzia siku hiyo utaniita fundi mbele za watu."

"Bora nife," akasema Fabian, lakini mkono akanipa.

Ijumaa jioni nililichukua gari peke yangu. Mota sikuipata na mimi. Lakini nikawaza hivi: joto la ndani ya gari linatoka wapi? Linatoka kwenye maji ya injini, yanapita kwenye mpira mmoja mnene kwenda ndani ya dashibodi. Ukiuziba mpira ule, kijimlango kiwe kimekwama au kisikwame, moto hakuna. Nikachukua vijiti viwili vya mninga, nikaubana ule mpira katikati, nikavifunga kwa waya nikavikaza kwa koleo. Nikawasha. Kushoto baridi. Kulia baridi. Ningekuwa na yai la tatu ningeliweka.

Asubuhi Fabian alikaa kiti cha kushoto dakika nzima akipulizwa usoni. Akatoka amenuna.

"Umefanyaje?"

"Ufundi," nikamjibu.

"Subiri lirudi kutoka Mlali. Likirudi hivi, nitakuita hilo jina."

Tukaenda. Bi Cecilia alikuwa tayari, kikapu na kuku miguuni. "Mbukwenyi," akatusalimu, nami nikaitika kwa wawili, kwa maana Silvano alikuwa keshajificha nyuma. Akapanda bila kusita. Kwenye kioo nikamwona Silvano anafumba macho kwa shukrani.

Mpaka tunaipita Kongwa, nilikuwa namsimulia mama habari za treni niliyoisimamisha kwa kupiga mluzi. Hakucheka. Tulipoingia lami ya Mbande nikaona amejifunga khanga magotini. Baada ya kidogo akamchukua kuku akampakata.

"Mzee Yoramu," akasema, "mwambie huyo aliye nyuma kwamba gari lake limeharibika."

Sauti kutoka chini ya kofia ikasema, "Mzee, mwambie mama limetengenezwa."

"Anasema limetengenezwa, mama."

"Mimi si kiziwi. Mwambie aliyelitengeneza ndiye aliyeliharibu. Safari ile lilinipa joto zuri, magoti yangu yakalegea kama nimekandwa. Nilifika nyumbani nikalala bila dawa. Leo nimekaa kwenye barafu, najishikiza kwa kuku!"

Kule nyuma kofia ikainuka kidogo. "Mzee, muulize mama, lile joto... alilipenda?"

"Mwambie nililiwasha mwenyewe!" Bi Cecilia akainua pindo la kitambaa chake. Chini yake, pembeni kabisa karibu na mlango, palikuwa na kigurudumu kidogo, bluu upande mmoja, nyekundu upande mwingine. "Nilikiona siku ile natandika. Nikazungusha kwenye nyekundu, joto likaja. Leo nazungusha mpaka kidole kinauma, haliji. Sasa mwambieni mwenye gari: siwezi kumkanda Rose na magoti yaliyoganda. Kama joto limekufa, nigeuzieni hapahapa, nirudi Mlali nikaote moto wangu."

Gari la watu wawili, kila mmoja na hali ya hewa yake! Kijimota cha kushoto hakikuwa kimekufa; kilikuwa kinamtii mama mkwe, si mimi. Na mtu pekee aliyejua ndiye ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Nilijua la kufanya, ila nilitaka kulifanya kwa siri. Karibu na Buigiri nikasogeza gari pembeni.

"Naangalia maji," nikasema.

Nikafungua boneti, nikajificha nyuma yake, nikaushika ule waya. Ulikuwa wa moto kama sufuria ya maandazi, na nilikuwa nimeukaza kwa ufundi wangu wote. Nikafunga vidole kwa leso, nikavuta, nikatukana kimoyomoyo. Nikahisi mtu anapumua begani.

"Mzee," Silvano akasema polepole, "vijiti hivyo vimetoka Japani?"

"Hivi? Hivi huwa vinakuja na gari."

"Vya mninga?"

Nikakosa la kusema, jambo ambalo mke wangu Evelina hataki kuliamini mpaka leo. Silvano akaenda kwenye buti, akaleta koleo, akaukata waya mwenyewe. Mpira ukajaa, maji yakapita. Dirisha la kushoto likashuka.

"Mzee Yoramu!" Bi Cecilia akaita. "Mwambie mkwe wangu joto limerudi. Mwambie Mungu ambariki!"

Silvano hakungoja kuambiwa. Alisimama pale barabarani, mgongo amempa mama mkwe kwa heshima, anatabasamu kuelekea kwenye mashamba ya watu.

Nilipendekeza twende moja kwa moja nyumbani kwa Silvano, mtaa wa Kikuyu, mama apumzike. Kutoka nyuma nikaambiwa, "Mzee, mama akishashuka, pitia gereji."

Rose alimpokea mama yake mlangoni kwa vigelegele, na Jumatano yake mtoto wa kike alizaliwa, Rose akakandwa na mama yake aliyepiga magoti sakafuni kama msichana. Hilo lilikwenda vizuri. Langu mimi lilikwenda gereji.

Silvano aliweka vile vijiti mezani kwa Fabian. Fabian akavigeuza, akanusa mninga, akacheka mpaka akakaa chini kwenye tairi.

"Nenda kamlete," akasema.

Nikaenda nikaleta mbuzi. Fabian akamtazama. "Huyu ananyonya, mzee. Tulisema yule mwekundu."

Nikarudi nyumbani. Evelina alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, habari zimeshamfikia. Alinifungulia mlango akicheka. Nikamkokota mwekundu kwa pembe mpaka Majengo, njia nzima akilia kama anayewaita mashahidi.

Nilichinja kwa mkono wangu, nikachuna, nikawasha na moto. Hapo akaja mjumbe kutoka Kikuyu: Bi Cecilia anasalimu, anaomba miguu yote minne ya supu, kwa ajili ya magoti. Nikafunga miguu kwenye gazeti. Watu wakakata nyama, wakala, wakaniambia nisimulie tena habari ya kifaranga, nami nikasimulia, na safari hii alikuwa na pacha wake.

"Mzee Yoramu," Fabian akanikatiza, mdomo umejaa, "ini liko wapi?"

"Mbuzi mwekundu hana ini. Ni mbegu ya—"

"Vua kofia."

Nikavua. Nikalitoa ini, nikaliweka juu ya makaa mbele ya wote.